Namna ya kumpata daktari anayejua mambo ya wanawake huku kwetu Kusini, na namna ya kuongea naye

Huku kwetu mwanamke akikwambia "nina chango" bado hajakwambia anaumwa nini. Chango ni tumbo la hedhi, chango ni kutoshika mimba, chango ni mimba kutoka, chango ni maumivu akilala na mumewe, chango ni maji yanayotoka chini yana harufu. Neno moja, magonjwa kumi. Bibi anaelewa na kungwi anaelewa, ila ukiingia kwa daktari ukasema "dokta tumbo linaniuma" halafu ukainamisha kichwa, utapimwa mkojo, utaambiwa yutiai, utapewa vidonge na utarudi nyumbani na chango lako lile lile.

Mi yalinikuta. Miaka miwili nilikuwa natokwa na uchafu, na kila nikikutana na mume wangu naona damu kidogo baadae, sio nyingi, ila ipo. Nimekwenda sehemu tofauti tofauti, nimepewa dozi nne za antibayotiki, mbili kati ya hizo na mume wangu akapewa na yeye maana tuliambiwa ni ugonjwa wa zinaa, hakuna aliyenipandisha kitandani kuangalia. Jamani dawa za zinaa zikiingia ndani ya nyumba mara ya pili, amani inatoka. Yeye ananiangalia mimi, mimi namuangalia yeye, na wote wawili hatujafanya kitu.

Aliyenisaidia hakuwa bingwa. Alikuwa daktari wa kawaida, mdada, kwenye kituo cha afya, ila wenzake wote walikuwa wanajua ukija na mambo ya kike upelekwe kwake. Hakuanza na tumbo. Aliniuliza, "Dada, wewe umekulia wapi?" Nikamwambia bonde la Lukuledi, upande wa Lindi, kwenye mashamba ya mpunga. "Mlikuwa mnaoga wapi?" Mtoni, na kwenye majaruba. "Utotoni uliwahi kukojoa damu?" Nikamjibu mbona kule watoto wengi tulikuwa tunakojoa damu, nilidhani ndio kukua. Akaweka peni chini. Akaniomba nipande kitandani, akamuita nesi wa kike asimame pembeni, akanionyesha kile kifaa cha mdomo wa bata kabla hajakitumia, akaangalia kwa taa. Alipomaliza akanichorea nyuma ya karatasi: huu mlango wa kizazi, hivi vidoa vidogo vina rangi kama mchanga, haya ni makovu ya mayai ya kichocho. Kichocho kile kile cha mkojo, mayai yake yakikwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni yanaleta uchafu, damu baada ya tendo, maumivu, na wengine wanapata shida ya kushika mimba. Huku pwani ya kusini kichocho kipo siku zote lakini ni wachache wanaokifikiria wakimuona mwanamke mtu mzima. Akanipima uzito, nilikuwa kilo 60, akanipa dawa ya kichocho, prazikwanteli, vidonge vinne, akasema nikale kwanza ndio nimeze. Vikubwa na vichungu. Damu haikukata siku hiyo wala wiki hiyo, ilichukua muda, na makovu mengine bado yapo ndo maana narudi kwake kuangaliwa, ila nyumba yangu ilitulia.

Ndo maana naandika hii. Sitaki mdada mwingine wa Mtwara au Lindi azunguke miaka miwili. Unachohitaji ni daktari mmoja wa karibu, wa jumla, mwenye moyo na ujuzi wa mambo ya wanawake, na umshike huyo huyo.

Watu wengi wanadhani ni lazima bingwa, na bingwa anapatikana hospitali za mkoa, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, kwa hiyo mtu wa Liwale au Nanyumbu anaona basi tena haimuhusu. Sio hivyo. Daktari wa jumla amesoma miaka mitano, akafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, na humo alizungushwa wodi ya wazazi na ya magonjwa ya wanawake. Bingwa ameongeza miaka mingine mitatu juu ya hapo. Katikati yao kuna wale madaktari wa jumla ambao mambo haya wameyapenda, wameenda kwenye mafunzo ya saratani ya mlango wa kizazi, ya uzazi wa mpango, wamekaa sana wodi ya wazazi. Uingereza wenzetu wameliweka rasmi, toka mwaka 2000 mpango wa serikali yao wa afya ulisema daktari wa familia anaweza kuongeza eneo lake maalum na kupokea wagonjwa wa eneo hilo kutoka kwa wenzake. Kwetu huyo mtu hana jina kwenye mlango, ila yupo. Na wakati mwingine sio daktari, ni tabibu wa zahanati au nesi mkunga wa miaka ishirini ambaye amewaona wanawake wengi kuliko yeyote hapo, msimdharau.

Sasa unampataje. Usianzie mapokezi, mapokezi watakupa chumba chenye foleni fupi. Anzia kliniki ya mama na mtoto. Wale manesi ndio wanaojua nani ni nani. Msubiri mmoja foleni ikipungua, msalimie vizuri, muulize hivi: "Dada samahani, wewe mwenyewe ukiwa na shida ya kike, hapa unamuona nani?" Usiulize nani daktari mzuri, atakwambia wote wazuri. Ukiuliza yeye anamuona nani atakutajia jina, na siku anazokuwepo, na mara nyingi atakwambia njoo mapema kabla hajaingia wodini. Kama upo mbali na mjini, ulizia hivyo hivyo hospitali ya wilaya, au hospitali za misheni, Ndanda kwa watu wa upande wa Masasi, Nyangao kwa watu wa upande wa Mtama. Na wale madaktari bingwa wa Mama Samia wakitangazwa kuja wilayani kwenu, yule daktari wako ndo wa kumuomba akuandikishe na akuandalie karatasi, maana wanakaa siku chache tu na watu wanakuwa wengi, mwenye historia iliyoandikwa anasaidiwa haraka kuliko anayeanza kusimulia palepale.

Kuna na wale wa mtandaoni na wa spika sokoni wanaouza dawa za kusafisha kizazi, wanajiita dokta. Daktari wa kweli amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Na kizazi hakisafishwi, uke unajisafisha wenyewe, ukichomeka majani na sabuni na vidonge vya kubana unaua wale bakteria wazuri wanaoulinda na unafungua njia ya fangasi na mengine. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wengi wetu tumefundishwa ndani ya unyago kuwa usafi ni kuingiza kidole na kitambaa. Makungwi wametufundisha mengi ya heshima na ya maana, hili moja tu lirekebishwe. Maji safi kwa nje yanatosha.

Kabla hujaenda tafuta daftari dogo, la shule hata la kurasa 40, liwe la mwili wako tu. Andika tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku ile damu ilipoanza na sio ilipoisha, hapo wengi tunakosea. Andika inakuja kila baada ya siku ngapi, ikiwa kati ya 21 na 35 hiyo kawaida. Inakaa siku ngapi, ikizidi nane andika. Nyingi kiasi gani: usiandike "nyingi", andika pedi ngapi kwa siku, au vitambaa vingapi, na kama kuna mabonge, makubwa kama nini, kama punje ya hindi au kama korosho. Usiku unaamka kubadilisha? Andika. Mimba zote, hata iliyotoka, hata uliyoitoa, hata ya usichana ambayo nyumbani hawaijui, daktari hakuhukumu na anaihitaji. Uzazi wa mpango uliowahi kutumia, kijiti, kitanzi, sindano, maana sindano na kijiti vinaweza kuvuruga hedhi na mtu akahangaika na vipimo wakati jibu lipo mkononi mwake. Dawa unazokunywa na za kienyeji pia, usizifiche. Halafu andika umekulia wapi na ulikuwa unaoga maji gani, mi siwezi kuliacha hilo. Mwisho andika jambo moja linalokusumbua kuliko yote, liweke juu kabisa, maana ukiingia mle ndani unaanza na mafua na mgongo, ukifika kwenye lenyewe mtu wa nyuma yako anagonga mlango.

Siku ya kwenda nayo ina mpango wake. Kama unakwenda kupima mlango wa kizazi usiende ukiwa kwenye siku zako, na siku moja kabla usilale na mume wala usijioshe ndani. Kama unashuku kichocho, mkojo wake unapimwa vizuri ule wa mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, mayai ndo yanatoka kwa wingi muda huo, kwa hiyo ukifika saa moja asubuhi ukatoa mkojo unaweza kuambiwa huna na wakati unacho. Na hata huo wa mchana ukionyesha huna bado haijamaliza kesi, kile cha kwenye kizazi kinaweza kuwepo na mkojo ukawa safi, ndo maana kuangaliwa kwa macho ni lazima. Vaa sketi au gauni pana na kanga, hutavuliwa kila kitu, unajifunika na kanga yako.

Kuongea ndo kazi kubwa, na najua kwa nini. Tumelelewa kuficha, na ni malezi mazuri mbele za watu, lakini chumba cha daktari sio mbele za watu. Kwa hiyo badala ya "chini pananisumbua" sema "natokwa na uchafu ukeni, mweupe kama mtindi, unawasha" au "ni wa njano, una harufu". Hizo ni shida mbili tofauti na dawa tofauti, ule wa mtindi unaowasha mara nyingi ni fangasi. Badala ya "sina raha na baba watoto" sema "tendo linaniuma, linauma mlangoni" au "linauma ndani kabisa". Badala ya "naumwa mgongo na kiuno" sema "naumwa kiuno siku mbili kabla ya hedhi na inaendelea mpaka iishe, nashindwa kwenda shamba". Ukishindwa kabisa kutamka mpe daftari asome. Hakuna ubaya, mara ya kwanza mi nilimpa dokta simu yangu nimeandika kwenye mesej nisiyoituma.

Una haki ya kuomba mtu wa kike. Kama daktari aliyepo ni mwanaume na ndiye anayejua, omba nesi wa kike awemo ndani wakati unapimwa, hiyo hata wao wanaipenda. Ukienda na mume, mwambie mapema kuwa kuna dakika utaongea peke yako, na kama ni mama unampeleka binti yako wa miaka kumi na sita, toka nje kidogo, muache aongee. Utarudi.

Utajuaje kama huyu ndiye? Mimi naangalia vitu vichache. Anauliza tarehe ya hedhi bila kukumbushwa. Anakwambia anachotaka kufanya kabla hajakugusa. Anapima, yani anapandisha mtu kitandani na kuangalia, haandiki dawa kwa kusikiliza tu, hasa kama ni mara ya pili tatizo linarudi. Akiona hedhi nyingi imekupunguzia damu mwilini anatuma kipimo cha hemoglobini, yani cha wingi wa damu, kwa mwanamke asiye na mimba chini ya 12 ni upungufu, mwenye mimba chini ya 11, na huku kwetu kwenye malaria nyingi usikubali kuambiwa kwa kuangaliwa kiganja tu kama maabara ipo. Kubwa kuliko yote, anasema "hili limenizidi, nakuandikia rufaa". Daktari anayekwambia hivyo mshike. Yule anayekupa antibayotiki raundi ya tatu bila kukuangalia, muage kwa heshima na utafute mwingine.

Mambo anayoweza kuyamaliza yeye mwenyewe ni mengi: fangasi, maambukizi ya ukeni, hedhi yenye maumivu, kuweka na kutoa kijiti na kitanzi, upungufu wa damu, kichocho, moto na jasho la wamama waliokoma hedhi, kuanza kuchunguza wanandoa wasiopata mtoto. Hilo la mwisho naomba niliseme taratibu. Mkijaribu mwaka mzima hamjapata nendeni wote wawili, na kama mwanamke ana miaka 35 na zaidi msisubiri mwaka, miezi sita inatosha. Mbegu za baba zipimwe mapema, ni kipimo chepesi kuliko vyote vya mama. Nimeona wamama wanachanjwa chale tumboni miaka mitano kumbe baba hajawahi kupimwa hata siku moja.

Anaweza pia kukupima dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi kwa kupaka siki, ndio, siki iliyozimuliwa, inapakwa kwa pamba, inasubiriwa kama dakika moja, sehemu yenye shida inageuka nyeupe. Hakuna sindano. Wanaolengwa zaidi ni wa miaka 30 mpaka 50, na wenye VVU wanaanza mapema na kurudia mara nyingi zaidi. Pakionekana pameanza kuharibika inawezekana pakatibiwa kwa baridi au kwa joto, hata siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani. Ugonjwa huu unaletwa na kirusi cha HPV na chanjo yake ipo Tanzania toka 2018, toka 2024 ni dozi moja, na mwaka huo walichanjwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14, shuleni na vituoni. Binti yako akija na karatasi ya shule usikatae kwa maneno ya mtaani kwamba inafunga uzazi. Haifungi.

Ya rufaa ni uvimbe mkubwa kwenye kizazi, damu isiyokata kwa dawa, kinundu kwenye titi, mkojo au choo kinachovuja chenyewe baada ya kujifungua. Huo unaovuja ni fistula, inatibika, na CCBRT Dar wanaitibu bure, kama kuna dada kajificha ndani kwa sababu ya harufu mwambieni. Saratani inakwenda Ocean Road. Ukipewa rufaa usiondoke na karatasi tu: uliza unaenda kwa nani, siku gani kliniki yake, ubebe nini, bima yako inakubalika pale. Ukikatwa kinyama cha kupima uliza majibu lini na nani atakupigia, na uache namba mbili za simu maana majibu ya kinyama yanachukua wiki na simu za kijijini zinaisha chaji. Halafu rudi na majibu kwa daktari wako wa kwanza. Wengi wanapotea hapa, wanadhani akishakutuma kwa bingwa mmeachana, wakati yeye ndiye atakayekufuatilia kila mwezi.

Hela. Najua msimu wa korosho ndo hela inaonekana na miezi mingine ni kuungaunga. Uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali hulipii, na kupima mlango wa kizazi ulizia kliniki ya mama na mtoto. Ultrasaundi na vipimo vya maabara ndo vinauma, kwa hiyo kata bima ya afya kipindi cha mnada wa korosho, sio siku ya kuumwa.

Ila kuna mambo hayasubiri mnada wala apointimenti, hata kama ni usiku na bodaboda anataka hela ya ajabu. Pedi inalowa yote ndani ya saa moja, na inayofuata hivyo hivyo. Umekosa hedhi halafu tumbo linakata upande mmoja, kizunguzungu, jasho, hiyo inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi na inaua ndani ya masaa. Mjamzito anayeona damu, au kichwa kinamgonga macho yanaona ukungu na uso umevimba. Homa kali na tumbo la chini baada ya kujifungua au mimba kutoka. Hapo usimtafute daktari wako, nenda kituo chochote kilicho karibu.

Na wamama zetu. Mwanamke aliyekoma hedhi mwaka mzima halafu akaona damu, hata tone moja kwenye kanga, huyo hajarudia usichana kama wanavyomtania kisimani. Apelekwe wiki hiyo hiyo. Mama yako hatakwambia, kwa hiyo muulize wewe, mkiwa wawili jikoni mnakuna nazi, muulize kwa sauti ya chini: "Mama, huoni damu?" Akikaa kimya badala ya kusema hapana, kesho yake asubuhi mpeleke.